Siku Nonhle Alipopanda Mlima

Nonhle hakuwa mtu wa milima. Alikuwa mtu wa cherehani, wa shanga na lesi, wa kukaa ndani akishona magauni ya harusi ya watu wengine, na yeye ndoa yake imemvunjikia mikononi. Tangu mumewe aondoke alikuwa amejifungia kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Dada yake Futhi ndiye aliyemng'ang'ania mpaka akakubali.

"Utaozea kwenye hicho kiti," Futhi alimwambia. "Njoo upumue. Huko juu hata kilio kinakauka chenyewe."

"Na nikianguka?"

"Utaokotwa. Tunakwenda wengi."

Futhi Ndlela alikuwa na bucha yake pale Edendale. Mwanamke wa kifua kipana, mikono imezoea shoka na mifupa, na Jumapili moja ya kila mwezi alikuwa akifunga bucha na kwenda kutembea milimani na wenzake wa chama chao, Hamba Nathi, yaani Tembea Nasi. Walikuwa watu wa kawaida tu: walimu wawili mke na mume, kijana wa benki, muuguzi aitwaye Khethiwe, na wengine wawili watatu wa mtaani. Kiongozi wao alikuwa mzee Hadebe, fundi bomba aliyestaafu, ambaye alizaliwa chini ya milima hiyo ya Khahlamba na kuchunga ng'ombe huko udogoni. Mchekeshaji wao alikuwa Dumisani Ngcobo, askari wa barabarani, mtu wa tumbo na sauti kubwa, ambaye kazini alikuwa hacheki kabisa na chamani alikuwa hanyamazi.

Walipiga kambi Jumamosi kando ya mto. Asubuhi yake, wakati watu wanafunga mikoba, Dumisani alimtazama Nonhle miguuni akashika kichwa.

"Dada, hivyo viatu umeazima kwa bibi harusi?"

"Ni vya raba, kaka."

"Vyeupe! Mlimani!" Akamgeukia Futhi. "Mama Nyama, huyu mdogo wako anakwenda kuolewa na nyani?"

Nonhle akacheka. Futhi, aliyekuwa ameinama anafunga kamba za buti, aliinua uso. Hakuwa amekisikia kicheko hicho muda mrefu, akajisemea moyoni kwamba safari imekwisha kulipa.

Walipanda wakiimba nyimbo za kanisani, na pumzi zilipokata wakaimba polepole. Nonhle alipanda vizuri kuliko walivyodhani. Mahali pa kushika mwamba kwa mikono, Dumisani alitangulia akamvuta, huku akimwambia kwamba faini ya kupanda bila leseni ni ndogo, asiogope. Walipofika juu, kwenye ule uwanda wa majani mafupi unaoendelea mpaka Lesotho, ukungu ulikuwa umeanza kuinuka toka mabondeni. Mzee Hadebe aliutazama akasema watakunywa chai na kugeuza. Wakakaa chini ya jabali lililoinama kama kibaraza, hatua chache kutoka kwenye ukingo wa genge. Futhi akawasha jiko la gesi, akabandika sufuria kubwa.

Wale watu walitokea ukunguni kimya kimya. Walikuwa watatu, wamejifunga mablanketi, buti za mpira miguuni, kofia za sufu zimeshushwa mpaka kidevuni zikabaki tundu za macho. Mmoja mrefu alikuwa na blanketi la kijani na rungu. Baridi ya huko huwafunika watu hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka sana.

"Hamjambo, wazee," alisema aliyetangulia, kwa adabu.

"Hatujambo, wanangu," mzee Hadebe akajibu. "Karibuni chai. Maji yanakaribia."

"Mkate je?"

Mwalimu yule mke akawakatia mkate wa mvuke. Wakala wamesimama, wakiinua kofia kidogo tu kufungua midomo, macho yakizunguka juu ya mikoba, buti, simu zilizokuwa mikononi. Futhi aliona jinsi wanavyotafuna, haraka na bila kutazamana. Alifungua mdomo ili amwite mzee. Alikuwa amechelewa. Yule wa kwanza alipangusa mkono kwenye blanketi, akautia ndani, ukatoka na bastola.

"Asanteni kwa mkate. Sasa mikoba chini. Simu. Viatu."

"Viatu?" alisema Dumisani. "Tutashukaje bila viatu, ndugu yangu?"

"Kama mama yako alivyokuzaa."

Yule wa tatu, mfupi, alichomoa panga na kuanza kukusanya. Watu wakaanza kufungua kamba. Mzee Hadebe alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Wapeni, wanangu, wapeni tu, vitu vinanunuliwa," na huenda mambo yangeishia hapo. Lakini Nonhle alikuwa bado ameinamia miguu yake. Kamba ya kiatu ilikuwa imekaza kwa umande, na kila alipoivuta ikazidi kufunga fundo. Yule wa blanketi la kijani akasimama juu yake.

"Unaficha nini wewe?"

"Sifichi, kaka. Imekwama. Naomba—"

Akampiga. Hakumpiga kwa hasira wala kwa nguvu zake zote. Alimpiga kama mtu anayesukuma mbuzi atoke njiani, rungu likatua juu ya sikio. Futhi aliujua ule mlio. Alikuwa akiusikia kila siku juu ya gogo la bucha, ila hakuwahi kuusikia ukitoka kwa mtu.

Hakumbuki kuinuka. Sufuria ilikuwa mikononi mwake, inafoka, chuma kinamla viganja, na maji yote yakaenda kwenye kofia ya yule mwenye bastola. Sufu ikayanywa ikayakamatisha usoni. Yule mtu alipiga yowe la mnyama. Bastola ikalia mara moja, ikamponyoka, na mzee Hadebe akakaa chini ghafla, ameshika paja, akitazama damu inavyopanda katikati ya vidole vyake kana kwamba bomba la mtu mwingine limepasuka.

Basi ikawa vita. Dumisani alimrukia wa blanketi la kijani kwa uzito wake wote, wakabingirika, rungu likatupwa kando. Mwalimu mume aliokota jiwe. Kijana wa benki aliinua mkono kujikinga na panga likapita kwenye nyama ya mkono huo mpaka mfupa, akabaki anautazama. Khethiwe alikuwa akipiga filimbi yake ya dharura bila kukoma, kana kwamba kuna askari nyuma ya jabali. Mawe yakavurumishwa, moja likampata mfupi wa panga kifuani, akasema "Twende! Twende!" Wa kijani akajinasua kwa kumng'ata Dumisani shavu. Wakanyakua mikoba miwili, ukungu ukawameza.

Yule aliyemwagiwa maji alikimbia pia, lakini hakuwa anaona. Alikimbilia upande wa genge. Aliporomoka kwenye ngazi ya kwanza ya mwamba, kimo cha watu wawili, wakasikia akigonga chini, halafu wakamsikia anaita mama yake.

Khethiwe alifunga paja la mzee Hadebe kwa mkanda, akafunga mkono wa kijana wa benki kwa shati. Kisha akapiga magoti kwa Nonhle, akamwangalia macho, akaangalia uzi wa damu na maji uliokuwa ukitoka sikioni. Alimtazama Futhi, na Futhi akaelewa, akakataa kuelewa.

"Ataamka?"

"Yuko macho. Mfunike. Usimtikise."

Mwalimu mke alipata mtandao akiwa amesimama juu ya jiwe, mkono umeinuliwa. Watu wa uokoaji walimjibu kwamba helikopta ipo tayari, ila haiwezi kuruka katika ukungu ule. Wasubiri, wasimshushe mgonjwa wa kichwa kwa mikono. Wasubiri. Neno hilo liliwaingia vibaya. Walikuwa wamelowa damu na umande, na hawakuwa na la kufanya.

Dumisani akapata la kufanya. Alishuka na mwalimu wakamkokota yule mtu kutoka mwambani, mguu wake mmoja umegeukia pasipostahili, wakamtupa katikati. Walimvua kofia. Ngozi ya shavu ilitoka nayo. Alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini, ndevu chache, jicho moja limefumba kwa malengelenge.

"Hawa Wasotho hawa," Dumisani alisema, damu ikimchuruzika kutoka alipong'atwa. "Wanavuka na bangi yao, wanarudi na ng'ombe zetu. Leo umekutana na wenyewe, mbwa wewe!" Akampiga teke la mbavu.

"Jina la yule mrefu!"

Teke jingine. Mwalimu, aliyekuwa akifundisha watoto wadogo kushika kalamu, akampiga ngumi ya mdomo. Mwingine akamtemea mate, kisha akaona mate hayatoshi, akampiga. Ilikwenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, watu ambao jana jioni walikuwa wakipokezana kijiko cha chumvi. Futhi naye alitoka kwa mdogo wake akaja. Alimtazama yule mtu chini, akainua buti akalikanyaga goti lililovunjika, kwa kisigino, akazungusha. Alijisikia vizuri, na hilo halikumtisha wakati ule.

"Yule mrefu ni nani?"

Mtu yule alilia kwa Kizulu. Si kile cha kuokoteza cha watu wa upande wa pili. Kizulu cha bonde lile lile, cha chini ya mlima.

"Mama, mimi si Msotho! Mimi ni wa hapa chini! Sikumpiga mimi yule dada! Naitwa Nkosikhona, Nkosikhona Hadebe! Uliza mtu yeyote! Bhungane! Mthimkhulu! Nisaidieni!"

Mzee Hadebe, aliyekuwa ameegemea jabali, paja limefungwa, alifumbua macho aliposikia majina ya ukoo wake yakiitwa.

"Baba yako nani?" akauliza.

"Mphikeleli. Wa pale kwenye josho la ng'ombe."

Mzee alijivuta akakaa sawa. "Nilichunga naye," alisema. "Mphikeleli alikuwa mwizi wa mayai tu. Wewe umenipiga risasi." Kisha akasema, "Mwacheni. Inatosha."

"Haitoshi!" Dumisani akasema. "Ukoo wako usituletee hapa, mzee. Akiwa wa hapa ndiyo mbaya zaidi. Tumemlisha mkate!"

Akampiga tena. Hapo ndipo Futhi alipomsikia Nonhle.

Alikuwa akipiga kelele, sauti nyembamba ya mtoto. Futhi alimrudia mbio. Macho ya Nonhle yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakimwona mtu. Kila pigo lilipotua kule, thup, kwenye nyama ya yule mtu, mwili wa Nonhle ulijikunja na mikono yake ikaruka kukinga kichwa.

"Dada, waambie waache. Nimeshavua. Nimeshavua viatu!"

"Hawakupigi wewe, mpenzi. Si wewe."

Thup. Nonhle akapiga yowe.

"Wananipiga, dada! Waambie nimeshavua!"

Futhi aligeuka. "Dumisani! Acha!"

"Bado sijamaliza."

"Anasikia! Kila ukimpiga huyo, anadhani anapigwa yeye. Acha, nakuomba. Baadaye fanya utakalo."

"Mzibe masikio," Dumisani akasema bila kugeuka. Uso wake haukuwa tena wa mtu wa vichekesho wala wa askari. Ulikuwa kama mlango uliofungwa. Alimshika yule mtu kwapani akaanza kumburuta kuelekea gengeni. "Au nimalize mara moja. Ataanguka, wengi wanaanguka huku. Nani atauliza?"

Mtu yule alikamata majani, majani yakang'oka. Mguu ule uliovunjika ulikuwa ukigongagonga mawe na yeye akilia kwa sauti isiyo na maneno, na kila alipolia, Nonhle naye alilia. Walikuwa wakiitikiana. Hakuna mwingine aliyesogea. Mwalimu alikuwa anatazama mikono yake.

Futhi aliokota lile rungu la mtu wa kijani. Lilikuwa na unywele wa Nonhle kichwani pake. Akawapita, akasimama kati ya Dumisani na genge, mgongo wake kwenye ukungu mtupu.

"Mwachie."

"Toka, Futhi."

"Kaka, mwachie."

"Huyu ndiye aliyemuua mdogo wako!"

"Hajafa," Futhi alisema. "Bado anasikia."

Dumisani alinyoosha mkono kumsukuma kando. Futhi hakumtisha kwanza. Alipiga kama anavyopiga mfupa wa paja la ng'ombe, mara moja, mahali pake, na mkono wa Dumisani ukavunjika katikati ya kiwiko na kifundo. Alianguka juu ya magoti, mdomo wazi, pumzi haitoki. Yule mtu akabaki amelala kati yao, mashavu yake yamelowa umande wa majani na damu.

"Nani mwingine?" Futhi aliuliza. Alikuwa analia na rungu liko juu. "Nani mwingine anataka kumpiga mdogo wangu?"

Mwalimu alirudi nyuma hatua moja. Upepo ulikuwa haupo. Akalitupa rungu gengeni, wakasikia likigonga mara mbili tatu mbali huko chini, halafu likawa kimya.

Aliporudi, Nonhle alikuwa ametulia.

"Wameacha?"

"Wameacha."

"Walikuwa wengi."

"Wamekwenda zao. Nipo mimi tu."

Nonhle alishika kidole gumba cha dada yake, kama alivyozoea kukishika walipokuwa wadogo wakilala kitanda kimoja. Alitapika kidogo, Khethiwe akamfuta. Alisema ana baridi miguuni, Futhi akamvua vile viatu vyeupe, akavua soksi zake akamvisha. Baada ya hapo hakusema tena. Alipumua kwa vipindi, kila kipindi kirefu kuliko kilichopita, na kimoja kikawa kirefu kupita kiasi.

Ukungu ulifunguka mchana. Helikopta ilikuja ikalaza majani yote chini. Watu wa uokoaji walikuwa wawili, wakashuka mbio na machela, wakaangalia mmoja mmoja, wakamgusa Nonhle shingoni na kumfunika uso.

"Tuna nafasi ya wawili wa kulala," alisema mmoja wao, mwanamke, na kwa namna alivyoepuka macho ya Futhi ilionekana hili si geni kwake. "Tunachukua walio hai. Mzee, na huyu mwenye mguu."

"Huyu ni jambazi!" mwalimu mke akasema.

"Ana mbavu zimeingia ndani, mama. Hafiki jioni."

Basi Nkosikhona Hadebe akafungwa kwenye machela, akainuliwa angani kando ya mzee ambaye yeye mwenyewe alimpiga risasi, na Nonhle akabaki. Mashine nyingine ingetumwa kesho kumchukua. Futhi alisema hamwachi mdogo wake alale juu ya mlima na mbweha. Walimfunga katika turubai la hema, wakapitisha fimbo zao za kutembelea, wakambeba. Dumisani alibeba kwa mkono wa kushoto, wa kulia umening'inizwa kwa skafu, kila hatua meno yanasagana. Njia nzima, mpaka kwenye kambi, hakumwambia Futhi neno, wala Futhi hakumwambia asibebe.

Habari zilifika Edendale kabla ya maiti. Kwenye matanga watu walinong'ona mpaka jikoni: mwenye bucha kamvunja mkono askari ili kumlinda mwuaji wa mdogo wake. Wateja wengine hawakurudi tena. Dumisani alikuja na plasta nyeupe mkononi, akakaa mbali, akala kwa mkono wa kushoto, akaondoka.

Mama yao alikuwa amelala kwenye godoro, kama ilivyo desturi ya mfiwa, blanketi limemfika kidevuni. Alimwita Futhi amkaribie.

"Wanasema mengi nje."

"Nasikia, mama."

"Mimi sitaki mengi. Niambie moja. Mwanangu alikufa analia?"

Futhi alipiga magoti. "Hapana, mama. Alilia kabla. Alikufa ametulia."

Mama alimtazama muda mrefu. "Basi," akasema, akageukia ukutani. Futhi hakujua kama amesamehewa au ameambiwa aondoke. Alikaa pale pale, mgongoni kwa mama yake, mpaka wanawake walipokuja na uji.

Yule wa blanketi la kijani alikamatwa akiuza mkoba wa Khethiwe sokoni. Nkosikhona ndiye aliyemtaja, akiwa bado hospitali. Siku ya kesi, wakili aliyemtetea Nkosikhona alimwinua mteja wake, uso umebabuka upande mmoja, magongo mawili kwapani, akamwuliza mbele ya hakimu ni nani aliyemvunja mbavu. Wote wa Hamba Nathi walikuwa wamekaa mstari mmoja. Mwalimu alitazama sakafu. Dumisani, aliyekuja na sare zake, alitazama mbele.

Nkosikhona aliupitia mstari mzima kwa jicho lake moja zima. Likasimama kwa Futhi.

"Nilianguka," akasema.

Futhi alijisikia kutaka kumrukia. Hakuja pale kupewa zawadi na mtu yule. Alikunja ngumi chini ya kitambaa chake cheusi, akazikunja mpaka kucha zikaingia nyamani, na akakaa vivyo hivyo hadi hukumu iliposomwa, wa kijani maisha, Nkosikhona miaka yake mingi, na askari wakawashusha chini.

Nje jua lilikuwa kali. Dumisani alimkuta amesimama kwenye ngazi. Alisimama karibu naye, wakatazama barabara. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeunga kombo kidogo, na alikuwa akiuchua kama watu wanavyochua goti la uzee.

"Haujanyooka vizuri," alisema.

"Naona."

"Daktari anasema baridi itakuwa inauuma daima."

"Pole."

"Mimi ningemtupa, Futhi. Ujue. Sikuwa natania."

"Najua."

Dumisani alivuta pumzi, akaitoa. "Na bado natamani. Mpaka leo. Naamka natamani."

Futhi aligeuka akamtazama usoni, kwenye alama ya meno shavuni.

"Hata mimi," alisema.

Walibaki hapo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushuka, mpaka mlinzi wa mahakama alipokuja kuwaambia wasizibe ngazi.